Badilisha Plagi za Kirikuu Yako Mwenyewe, Halafu Zisome Kama Unavyosoma Jani la Nyanya

Tumezoea hapa kuzungumzia kantangaze, mnyauko, mbolea za kukuzia na bei za sokoni. Leo tunatoka kidogo kwenye matuta, tunainua kiti cha Kirikuu na kuangalia kilichoko chini yake.

Najua kuna atakayeuliza, bwana shamba na plagi za gari wapi na wapi? Jibu ni rahisi. Ukilima kwa biashara, kazi yako haijaisha mpaka mzigo umefika sokoni. Huku kwetu Ilula na maeneo mengine ya Kilolo, nyanya ndiyo maisha ya watu. Ikishaanza kugeuka rangi haijali kwamba gari lako linamisi. Utakuwa umepalilia, umepiga dawa kwa wakati, umemwagilia usiku, halafu mzigo unalala njiani kwa sababu ya kifaa chenye ukubwa wa kidole. Naona hasara za namna hii kila msimu, na nyingi zinazuilika.

Vijana wengi siku hizi mna usafiri wenu. Mwingine ana Kirikuu, mwingine Probox, mwingine Noah iliyotolewa viti vya nyuma. Haya ni magari ya petroli, na yote yana plagi. Kuzibadilisha ni kazi ya saa moja hivi, uani kwako, kwa vifaa vichache. Kuna faida nyingine ambayo wengi wanaitupa jalalani bila kujua, nayo ni taarifa iliyoandikwa kwenye plagi za zamani. Nitaeleza yote mawili, na hilo la pili ndilo naomba ulisome taratibu.

Plagi inafanya kazi gani?

Ndani ya kila silinda, hewa na petroli huchanganyika na kubanwa na pistoni. Plagi ndiyo inayotoa cheche ya kuwasha mchanganyiko huo. Betri yako ina volti 12 tu, lakini koili inazipandisha mpaka zinapita volti 20,000, ndipo umeme unaweza kuruka ule mwanya mdogo ulioko kwenye ncha ya plagi.

Sasa piga hesabu. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawashwa mara 1,500 kwa dakika hiyo hiyo. Kwa saa moja ya kupanda mlima na mzigo, plagi moja imewasha mara 90,000. Kila cheche inalamba chuma kidogo sana. Baada ya miezi mwanya umepanuka, koili inalazimika kusukuma umeme kwa nguvu zaidi, na mara nyingine cheche inakosekana kabisa. Petroli ya mzunguko huo inatoka nje kupitia egzosti bila kuungua. Umeinunua, haikufanya kazi, na bado inaharibu masega.

Dalili za plagi zilizochoka

- Gari linachelewa kuwaka asubuhi, hasa kwenye baridi.
- Likiwa limesimama injini inatetemeka, mlio unakatika katika.
- Likipanda mlima na mzigo linakosa nguvu au linashtuka shtuka.
- Mafuta yanaisha haraka kwa safari ile ile na mzigo ule ule.
- Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi.

Angalizo: dalili hizi zinaweza kuletwa pia na mambo mengine, kama chujio la hewa lililoziba, koili mbovu, petroli chafu au pampu ya mafuta iliyochoka. Ndiyo maana nasema usitupe plagi za zamani kabla hujaziangalia.

Zibadilishwe baada ya muda gani?

Inategemea aina ya plagi na aina ya injini. Plagi za kawaida za nikeli kwenye magari mengi ya petroli hudumu kilomita 20,000 hadi 30,000. Zile za iridiamu au platinamu za maisha marefu zinaweza kufika kilomita 100,000.

Wenye Kirikuu hapa msikilize vizuri. Kirikuu nyingi zina injini ndogo ya silinda tatu yenye cc 660 hivi. Injini ndogo ikibeba mzigo lazima izunguke kwa kasi kubwa, kwa hiyo plagi zake zinapiga cheche nyingi zaidi kwa kila kilomita kuliko za gari kubwa. Kwa magari ya namna hii watengenezaji wa plagi kule Japani wanashauri za nikeli zibadilishwe kila kilomita 7,000 hadi 10,000. Kirikuu inayotembea kilomita 80 kwa siku inamaliza kilomita 10,000 kwa siku 125, yaani miezi minne na siku chache. Huo ni msimu mmoja wa nyanya tangu kupandikiza mpaka kumaliza kuchuma. Kwa hiyo weka utaratibu rahisi: mavuno yakikaribia, kagua plagi.

Ununue plagi gani?

Usiende duka la spea na kusema "nipe plagi za Kirikuu". Nenda na plagi moja ya zamani, au piga picha namba yake. Kitabu cha gari kikiwepo, fuata namba ya humo, maana huenda aliyekutangulia aliweka zisizo zake.

Namba ile ina maana. Chukua mfano wa NGK BPR6ES, plagi ambayo wengi mnaijua kwenye pampu za maji. Hiyo 6 inaeleza uwezo wa plagi kupoteza joto. Kwa NGK na DENSO, namba ikiwa kubwa plagi ni "baridi" zaidi, ikiwa ndogo ni "moto" zaidi. Ila kila kampuni ina hesabu zake, kwa mfano 6 ya NGK inalingana na 20 ya DENSO. Ukiweka plagi baridi mno itajaa masizi. Ukiweka yenye moto mno, inaweza kuwasha mafuta kabla ya wakati na kutoboa pistoni. Muuzaji akikwambia "hii nayo inaingia tu", kumbuka kwamba kuingia kwenye tundu na kufaa kwenye injini ni mambo mawili tofauti.

Plagi feki zipo, kama zilivyo mbegu feki. Angalia maandishi kwenye kaure kama yamenyooka na hayafutiki kwa kidole. Angalia thredi, yaani ile mistari ya kuzungushia, kama ni safi. Angalia ncha ya kati kama imekaa katikati kweli. Ukifungua boksi nne za namba moja ukakuta mianya minne tofauti, zirudishe. Nunua kwa mtu anayetoa risiti, na ubadilishe seti nzima kwa pamoja.

Vifaa vya kuandaa

1. Spana ya plagi yenye mpira au sumaku ndani ya kushika plagi. Nyingi ni namba 16, na injini za zamani zinatumia 21.
2. Racheti na ekstensheni yake, maana plagi nyingi zimezama ndani ya shimo.
3. Spana namba 10 kwa ajili ya bolti za koili na terminali ya betri.
4. Fila, kile kipimo cha majani membamba cha kupimia mwanya.
5. Pampu ya baiskeli na kitambaa safi.
6. Kipande cha mpira wa petroli cha sentimita 20 hivi.
7. Trei la mayai na kalamu. Usicheke, utaona kazi yake.

Hatua kwa hatua

1. Acha injini ipoe kabisa. Silinda hedi za magari haya ni za aluminiamu. Ikiwa ya moto, thredi zake huharibika kirahisi, na wewe utaungua mikono. Kazi hii ifanye asubuhi kabla gari halijatoka.

2. Egesha sehemu tambarare, vuta handibreki, toa ufunguo, kisha legeza terminali ya hasi ya betri na uiweke pembeni.

3. Ifikie injini. Kirikuu nyingi injini iko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo unafungua lachi na kuinua kiti. Kwa Probox na wenzake unafungua boneti na kutoa kava la plastiki la juu kama lipo.

4. Puliza vumbi. Barabara zetu za shamba mnazijua. Juu ya injini kuna vumbi la kutosha kuotesha mchicha. Ukifungua plagi bila kulipuliza, mchanga unaangukia ndani ya silinda. Tumia pampu ya baiskeli. Usitumie maji, na bomba la kupigia dawa lisikaribie hapo.

5. Toa koili moja. Chomoa soketi ya waya kwa kubonyeza kishikio chake, fungua bolti ya 10, kisha izungushe kidogo kushoto na kulia huku unaivuta juu. Kirikuu za zamani zenye distributa zina nyaya ndefu badala ya koili juu ya plagi. Hizo shika kwenye kofia ya mpira, usivute waya wenyewe. Na toa waya mmoja, maliza silinda hiyo, ndipo uende nyingine. Ukizichanganya, gari halitawaka vizuri hata plagi ziwe mpya.

6. Puliza tena ndani ya shimo, halafu ingiza spana na ufungue kwa kuzungusha kinyume cha saa. Ikiwa ngumu usiilazimishe. Weka mafuta kidogo ya kulainisha, subiri, kisha zungusha mbele na nyuma taratibu. Ikigoma kabisa, hapo muite fundi. Kulipa fundi nusu siku ni nafuu kuliko kutengeneza silinda hedi.

7. Weka plagi kwenye trei la mayai kwa mpangilio. Andika 1, 2, 3 na kuendelea, kuanzia upande wa mkanda wa injini. Usizichanganye kwa hali yoyote. Sababu inakuja.

8. Pima mwanya wa plagi mpya. Magari mengi ya petroli ya Kijapani yako kati ya milimita 0.7 na 1.1, na kipimo cha gari lako kipo kwenye kitabu chake. Plagi ya nikeli unaweza kuirekebisha kwa kukunja taratibu ncha ya pembeni. Ya iridiamu usiikwangue wala kuikandamiza ncha ya kati, ni nyembamba na inavunjika. Plagi iliyoanguka sakafuni usiifunge, kaure inaweza kuwa na ufa usiouona.

9. Anza kufunga kwa mkono. Chomeka kichwa cha plagi kwenye kile kipande cha mpira, iteremshe shimoni na uzungushe mpira kwa vidole. Ikiingia vibaya, mpira utateleza wenyewe kabla thredi hazijaharibika. Ikigoma, rudi nyuma uanze upya. Usiweke racheti mpaka plagi imezunguka kwa vidole hadi mwisho.

10. Kaza kwa kiasi. Hapa ndipo vijana wenye nguvu wanaharibu. Plagi mpya yenye washa, ikishagusa chini kwa mkono, inahitaji nusu mzunguko hivi kwa spana, na boksi nyingi za plagi zimechorwa maelekezo hayo ubavuni. Plagi iliyowahi kutumika, ambayo washa yake imeshabanwa, inahitaji kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Ukilegeza sana, joto halitoki na plagi inaungua. Ukikaza sana, unakata thredi. Grisi haihitajiki, maana inakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

11. Rudisha koili au waya mpaka usikie imekaa, funga bolti, rudisha soketi. Rudia kwa silinda zinazofuata.

12. Rudisha betri, washa, sikiliza dakika tano. Halafu zunguka na gari tupu kwanza. Usipakie matenga kabla hujajiridhisha.

Wenye Subaru au magari ya V6, plagi zenu ziko mahali pabaya kufikika. Kazi hiyo mwachieni fundi, ila mwambieni awarudishie plagi za zamani zikiwa zimeandikwa namba.

Sasa zisome plagi za zamani

Ukiniita shambani ukasema nyanya zina manjano, swali langu la kwanza ni hili: ni shamba zima au ni baadhi ya mimea? Kama manjano yametanda sawasawa shamba zima, nafikiria mambo ya jumla kama lishe, maji au dawa iliyozidi. Kama ni mmea mmoja mmoja au kiraka kimoja, nafikiria ugonjwa au wadudu, na nachimba pale pale. Plagi zinasomwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Panga trei lako juani na ujiulize: zote zinafanana, au moja imejitenga?

Zote ni za kahawia hafifu au kijivu. Injini ina afya. Kama mwanya umepanuka na ncha imekuwa mviringo, huo ni uzee wa kawaida.

Zote zina masizi meusi makavu. Mafuta ni mengi kuliko hewa. Anza na chujio la hewa. Kwa vumbi la kiangazi, chujio linaweza kuziba mapema sana kuliko kitabu kinavyosema. Sababu nyingine ni safari fupi fupi ambazo injini haipati joto la kutosha, au plagi zilizo baridi kuliko inavyotakiwa. Plagi hujisafisha yenyewe ncha yake ikifika nyuzi joto 450 hivi na kuendelea. Gari la kutoka nyumbani hadi shambani kilomita mbili na kuzimwa linaweza lisifike huko.

Zote ni nyeupe, zimepauka, zina vidonda. Joto limezidi. Kagua maji ya rejeta, namba ya plagi, na kama zilikazwa vizuri. Hii usiipuuzie, kwa sababu inaweza kuishia kwenye pistoni.

Moja tu ni nyeusi kavu, nyingine safi. Silinda hiyo haiwaki vizuri. Hamisha koili yake kwenye silinda nyingine, injini ikiwa imezimwa, kisha washa. Kumisi kukihama nayo, koili ndiyo mbovu. Kukibaki pale pale, tafuta kwingine.

Moja ina oili kwenye ncha. Oili inapita ndani ya silinda hiyo kupitia ringi za pistoni au vali sili. Fundi apime mgandamizo wa silinda kabla hujatoa hela ya kitu chochote.

Moja ina oili juu, kwenye kaure ya nje, ncha ikiwa haina oili. Hii ni habari nyingine kabisa na ni ya bei nafuu. Oili inavuja kutoka kwenye sili ya shimo la plagi chini ya taped kava.

Hiyo ya mwisho nataka niitolee mfano. Kuna vijana watatu wana Kirikuu, wanatoa nyanya bondeni kuleta barabara kuu. Gari lao lilianza kumisi mwanzoni mwa mavuno. Wakaweka plagi mpya, likatulia wiki mbili, likarudia. Wakaweka seti nyingine, likarudia tena. Siku moja likazimika mlimani na matenga ishirini, jua la saa saba juu yake. Mpaka walipopata gari lingine, dalali alikuwa ameshajaza Fuso kwa mzigo wa watu wengine. Nyanya zao zikauzwa kesho yake kwa bei ya huruma.

Nilipofika kwao kwa ajili ya mafunzo ya kupiga dawa, walikuwa wameanza kuchanga hela ya injini ya mtumba. Mmoja akaniambia, "Bwana shamba, hili gari linakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Injini imekufa."

Nikamuuliza, "Dogo, plagi mlizotoa ziko wapi?"

"Tulizitupa, shikamoo yake!"

Tukasubiri injini ipoe, tukatoa zile tatu zilizokuwemo na kuzipanga. Namba 1 na namba 3 kahawia, safi kabisa. Namba 2 ilikuwa na masizi makavu kwenye ncha, lakini sehemu ya juu ya kaure ilikuwa imelowa oili, na mpira wa koili yake umevimba kama uyoga. Umeme ulikuwa unatorokea pembeni badala ya kwenda kwenye ncha. Kila walipoweka plagi mpya, kaure ilikuwa kavu kwa muda, gari linatulia, kisha oili inashuka tena.

Injini haikuwa imekufa. Fundi alibadilisha sili za taped kava na ile koili mchana mmoja, na gari likapakia asubuhi iliyofuata. Hela ya injini iliyobaki ikaenda kwenye mbegu za msimu uliofuata. Na fundi wao wa mwanzo simlaumu. Aliambiwa abadilishe plagi, akabadilisha. Hakuna aliyemwomba aziangalie zilizotoka.

Mambo ya kuepuka

- Kuchomoa nyaya au koili injini ikiwa inaunguruma ili "kutafuta inayomisi". Utapigwa na umeme mkali na unaweza kuua koili.
- Kujaribu cheche kwa kulaza plagi juu ya injini palipo na harufu ya petroli. Moto hauulizi mwenye gari ni nani.
- Kuchoma plagi kwa petroli au kuikwangua kwa msasa halafu kuirudisha. Inaweza kukufikisha nyumbani siku ya dharura, lakini haikufikishi mwisho wa msimu.
- Kubadilisha plagi moja na kuacha nyingine zilizochakaa sawa nayo.
- Kuweka seti ya tatu bila kujua seti ya pili ilikufa kwa nini.

Vipi kuhusu pampu ya umwagiliaji?

Elimu ni ile ile, na kazi ni rahisi zaidi kwa kuwa plagi ni moja na iko nje. Pampu zenye injini ya Honda GX160 zinatumia BPR6ES, mwanya milimita 0.7 hadi 0.8. Ikiwa nyeusi, safisha kwanza chujio la hewa na uhakikishe choki imerudishwa baada ya kuwasha. Trekta na pawatila za dizeli hazina plagi za cheche, kwa hiyo usihangaike kuzitafuta huko.

Andika kwenye daftari

Mkulima wa biashara unaandika tarehe ya kupanda, dawa uliyopiga na kiasi ulichovuna. Ongeza ukurasa mmoja wa gari: tarehe, kilomita, namba ya plagi ulizoweka, na rangi ya kila plagi uliyotoa kuanzia silinda namba 1. Andika pia lita za mafuta kwa safari yako ya kawaida ya sokoni, wiki moja kabla na wiki moja baada ya kubadilisha. Tofauti hiyo zidisha kwa safari za msimu mzima, utajua mwenyewe kazi ya saa moja imekulipa shilingi ngapi. Sihitaji kukutajia mimi.

Anza na gari lako wiki hii kabla mavuno hayajashika kasi. Ukikuta plagi moja imejitenga na wenzake na hujui maana yake, ipige picha kwenye trei pamoja na wenzake wote, usiipige peke yake. Jani moja bila shamba lake huniambia kidogo sana, na plagi ni hivyo hivyo.

Mshirikishe na mwenzako mwenye Kirikuu. Tukutane kwenye somo lijalo, nawatakia mavuno mema na safari njema za sokoni.